Mishumaa ya Makengeza

Machi 3, Jumatatu
Nesi kasema niandike. Mgonjwa kala nini, kanywa kiasi gani, kavimba wapi. Nikamwambia mimi na kalamu tuliachana darasa la nne. Kasema huu si mtihani, babu, andika tu.

Haya. Mwanangu kala uji nusu bakuli. Maji vikombe viwili. Miguu imevimba. Uso asubuhi umevimba, mchana afadhali.

Mvua imeanza.

Machi 4
Wali kidogo, hauna chumvi. Maji vikombe viwili na nusu. Hiyo nusu kaiomba mpaka kaipata.

Machi 6
Leo nina muda, nieleze vizuri, maana nesi kasema akija mwingine wa zamu asome aelewe.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa. Figo zake zimekufa, zote mbili. Maji anayokunywa hayatoki. Yanabaki ndani, yanapanda. Mara mbili kwa wiki tunampeleka hospitali kwenye mashine, inamsafisha damu na kumtoa hayo maji. Anarudi mwepesi lakini hoi. Siku zilizobaki ni vikombe vitatu vya maji kwa siku, basi, na chumvi asiione kabisa. Maji yakizidi yanaingia kwenye mapafu.

Anayempimia ni mkwe wangu, mke wake. Ana kikombe cha bati cha bluu. Akishampa anakirudisha kabatini na kufunga. Mwanangu anamwita Bi Kipimo. "Bi Kipimo, mkono wako hautetemeki hata kidogo, likamwagika tone la ziada?" Mke anacheka. Kisha hampi.

Kuna siku namwona ana roho ngumu huyu mwanamke. Mtu analamba midomo mbele yako na wewe unakunja nguo. Mimi nisingeweza. Ndiyo maana ufunguo wa kabati hana mwingine ila yeye.

Machi 8
Mashine leo. Kala vizuri. Kalala.

Machi 10
Kazini siku nzima. Umeme unakatika kila mvua ikinyesha, kwa hiyo mishumaa inakwenda. Bosi anafurahi mawingu yakikusanyika, sisi migongo inalia. Mimi nayeyusha nta kwenye pipa, nachota, namimina kwenye kalibu. Mwenzangu, Kibiriti, anakaza tambi. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mdogo na anawaka haraka.

Utambi ukilegea kabla nta haijaganda, unakaa pembeni. Mshumaa huo hauuziki dukani. Ukiwashwa unayeyuka upande mmoja, nta inamwagika, moto unainama. Sisi tunaiita mishumaa ya makengeza. Tunaiweka kwenye boksi la kuyeyusha upya.

Leo kaja Mama Moshi na kikapu chake. Huyu anasoma mishumaa. Watu wanamwendea na shida zao, anawasha, anaangalia moto na moshi, anawaambia. Huwa anachukua makengeza tu.

Kibiriti kamwambia, "Mama, chukua mizuri bwana. Hii inakwenda upande kama mlevi."

"Mizuri haisemi kitu," kasema Mama Moshi. "Nikiwasha wako mzuri unasimama tu kama askari getini. Mtu kaja na matatizo yake, mimi nimwambie nini?"

"Basi olewa na mimi. Mimi mzima nimekwenda upande. Habari hutakosa."

"Wewe hata kuwaka huwaki, unatoa moshi tu."

Tulicheka mpaka bosi katoka ofisini. Si mtu mbaya Mama Moshi. Anauliza watu hali zao na anasubiri jibu. Kaniuliza hali ya kijana. Nikamwambia yuko kwenye mashine. Kanishika mkono.

Nta ikichuruzika upande mmoja, yeye anasema mshumaa unalia. Utambi ukiwa na unyevu unatoa sauti pa pa pa, anasema unabishana. Moshi ukiwa mweusi anasema ni kijicho. Sisi tunasema hujakata utambi.

Machi 12
Dada kaja. Kaja na mabegi mawili na sufuria yake. Yeye ni mkubwa wangu. Mke wangu alipokufa mwanangu alikuwa bado anatambaa, na dada ndiye aliyemlea mpaka kaota meno ya utu uzima. Mimi nilikuwa kwenye nta. Kwa hiyo akifika nyumbani kwangu mimi nakaa kando, ndivyo ilivyo.

Kamwona mwanangu, kapiga magoti, kalia. Kisha kafuta uso, kaingia jikoni na kuuliza chumvi iko wapi.

"Hatumpi chumvi, shangazi," mkwe kamwambia.

"Nimekuuliza iko wapi. Sijakuuliza mnampa nani."

Machi 13
Dada analalamikia namna ninavyokata utambi kabla ya kuwasha. Kasema napunguza mwanga kwa ubahili. Nikamwambia utambi mrefu unatoa masizi, mgonjwa anakohoa. Ukate ubaki kama nusu ya ukucha. Na mshumaa mpya ukiuwasha mara ya kwanza uache uwake mpaka nta iyeyuke kufika ukingoni, la sivyo unachimba shimo katikati na kujizamisha wenyewe. Na usiupulize. Utumbukize utambi kwenye nta kwa njiti kisha uunyanyue tena, hautoi moshi.

"Duh," kasema dada, "mshumaa unatunzwa kuliko mtu humu ndani."

Alikuwa anamtazama mkwe.

Machi 15
Tumefika hospitali, mashine imekufa. Kipuri kimeagizwa. Kutoka wapi, hawajui. Lini, hawajui. Iliyo karibu ni mji mwingine, na huko foleni imejaa. Daktari kijana kasema punguzeni maji, viwe vikombe viwili. Hakutuangalia usoni alipokuwa anasema.

Tulipofika nyumbani mwanangu kasema, "Bi Kipimo, umepandishwa cheo."

Machi 16
Viwili. Kavimba mpaka mapajani.

Machi 17
Viwili. Mvua usiku kucha. Ukuta wa chumba chake umelowa chini. Yuko kitandani anasikiliza maji yanavyotiririka kwenye bati na hana ruhusa ya kunywa.

Machi 19
Nimerudi kazini nimekuta ugomvi. Dada alimkuta mgonjwa ananyonya kitambaa chenye maji, kile cha kumfutia uso. Mkwe alikuwa anamvuta kitambaa mdomoni.

"Mume wako huyu!" dada anapiga kelele. "Mume wako ananyonya tambara kama ndama na wewe unamnyang'anya! Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Shangazi, yatamwingia kwenye mapafu."

"Yatamwingia, yatamwingia! Nani kakuambia? Nimemlea huyu mimi. Kila homa aliyopata nilimpa maji, akapona."

"Hii siyo homa."

"Bi Kipimo," kasema dada. Jina lile lile la utani wa mume wake. Lakini kwenye mdomo wa dada halikuwa utani tena.

Mkwe kanitazama mimi, anasubiri niseme. Nikasema dada, daktari kasema. Nilisema kwa sauti ndogo. Dada hakugeuka.

Machi 21
Viwili. Mke wa jirani mwenye cherehani kaja kumwona mgonjwa. Kaongea na dada nje chini ya bati muda mrefu. Mkwe alipotoka na beseni wakanyamaza wote wawili.

Machi 23, Jumapili
Dada kamleta Mama Moshi.

Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nachimba mfereji nyuma, maji yasiingie chumbani kwa mgonjwa. Niliporudi ndani nikakuta viti vimezungushwa, meza ndogo katikati. Mwanangu kaegemezwa kwenye mito. Mchana, lakini kwa lile wingu ndani kulikuwa giza. Mama Moshi kanisalimia vizuri, kaniuliza mgongo. Kisha kasema kila mtu akae, ndugu wa nyumba tu.

Dada kampangia kila mtu pa kukaa. Mkwe kamweka kile kiti kinachotazamana na mlango. Sidhani alipanga. Ndicho kilichokuwa kimebaki.

Mama Moshi katoa mshumaa kikapuni. Kauzungusha mkononi na mimi nikaona kitako chake. Ninapotoa mshumaa kwenye kalibu nausukuma kwa dole gumba, unabaki na alama. Dole langu lina kovu la kuungua, alama yake haifanani na ya mtu. Ulikuwa wangu. Niliumimina mwenyewe wiki ile aliyokuja karakana na kikapu. Utambi uko kulia kabisa, mrefu kama mkia.

Kauwasha. Ukalia pa pa pa, maana una unyevu, na nani asiye na unyevu mvua hii. Mama Moshi kafumba macho. Nta ikaanza kushuka. Upande wa mkwe. Kisha upepo ukaja chini ya mlango, ninausikia kwenye vifundo vya miguu, moto ukalala na moshi mweusi ukanyooka kumwendea mkwe usoni. Akakohoa. Akasogeza kichwa, moshi ukamfuata. Akasogeza kwingine, ukamfuata.

Najua upepo. Najua utambi. Mimi ndiye niliyeumimina utambi ukiwa umelegea. Na bado, niandike ukweli, hata mimi niligeuka nikamwangalia mkwe wangu usoni. Muda wa kupepesa jicho. Nikamwangalia kama watu wanavyomwangalia mtu. Na yeye akaniona.

Dada kauliza, "Nani?"

"Mimi sitaji watu," kasema Mama Moshi. "Mmeona wenyewe. Mshumaa umelia na umeonyesha unapolilia." Kautumbukiza utambi kwenye nta, kauzima. Angalau kuzima anajua.

Nikasema ni upepo wa mlangoni. Dada kasema, "Upepo unajua kuchagua?"

Mwanangu alikuwa amefumba macho muda wote. Kasema, "Mmemaliza? Naomba maji."

Machi 24
Dada kamwambia mkwe asiguse chakula cha mgonjwa. Asiingie chumbani ila dada akiwemo. Ufunguo wa kabati kamvua shingoni, ulikuwa kwenye uzi. Mkwe hakupigana. Kasema tu, "Viwili, shangazi. Tafadhali. Viwili." Dada kasema, "Unaona bado anahesabu!"

Sijui kanywa vingapi. Nimeambiwa niandike lakini sijui.

Machi 25
Sijui.

Machi 26
Nimemkuta mkwe nyuma anafua mashuka ya mgonjwa kwenye mvua. Nikamwambia, ingia ndani, mwanangu. Kasema, "Ndani wapi, baba?"

Nikamwambia mimi najua ni upepo. Kasema, "Lakini uliniangalia."

Nikarudi kuchimba mfereji.

Machi 27
Tumbo la mgonjwa limejaa. Anapumua juu juu. Lakini anacheka na shangazi yake, amekunywa. Midomo yake haijakauka. Miezi yote hii sijaiona hivyo.

Machi 28
Nimemweleza Kibiriti yote tukiwa kwenye pipa. Kawaka.

"Na wewe mzee umekaa kimya? Si unajua hii kitu? Waoneshe! Chukua mshumaa mmoja mzuri na mmoja wa makengeza, washa mbele yao, fungua mlango, funga mlango. Hata kuku ataelewa."

"Dada yangu si kuku."

"Ndiyo, kuku ana akili, anaingia ndani mvua ikinyesha."

Tumekaa baada ya kazi, tumemimina mshumaa mmoja. Utambi katikati sawasawa, tumeukaza wawili. Umetoka msafi. Kibiriti kaubusu. Kasema huu hata bosi hauzi, anauweka sebuleni.

Machi 30, Jumapili
Nimewaita wote baada ya chakula. Dada kakaa na mikono kwenye magoti. Mgonjwa kwenye mito, miguu imewekwa juu ya begi la dada. Mkwe kasimama mlango wa jikoni, hakutaka kukaa kwenye kile kiti.

Nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia. Nikaukata utambi wa ule mzuri, nikauwasha. Ukasimama. Wima, hautikisiki, hauna hata uzi wa moshi. Nikasema, "Mnaona? Hakuna upepo, na mshumaa mzima. Hauonyeshi mtu."

Dada kasema, "Huu umeutengeneza wewe."

"Ndiyo. Na ule wa Mama Moshi pia niliutengeneza mimi. Alama ya dole langu iko pale chini. Ni makengeza, dada. Ni kazi mbaya. Tunaiyeyusha upya."

"Kwa hiyo mzuri umeunyamazisha, na ule ulioponyoka mkononi mwako ndio uliosema."

Nikaona anaelewa kinyume. Nikaharakisha. Nikawasha wa makengeza. Nta ikaanza kushuka upande wa mgonjwa, nikauzungusha, ikashuka upande wa dada. "Ona, sasa unakulilia wewe." Hakucheka. Nikafungua mlango. Nikaenda nikakaa mwenyewe kwenye kile kiti. Moto ukalala, moshi ukanijia moja kwa moja, ukaniingia machoni mpaka machozi yakatoka.

"Haya!" nikasema. "Mchawi nani sasa? Mimi?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Dada alikuwa ananitazama. Namjua dada yangu tangu nazaliwa na sijawahi kuona uso ule. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu.

"Mkeo alivimba hivi hivi," kasema pole pole.

"Mke wangu moyo ulimsumbua. Unajua."

"Alivimba. Miguu, kisha tumbo. Na aliyekuwa naye ni wewe."

"Dada, ni mlango. Tazama, naufunga—"

"Umekaa mwenyewe. Umeuliza mwenyewe kwa mdomo wako, mchawi nani. Na moto umekujibu mbele ya mwanao. Unataka nini tena?" Kasimama. "Nilidhani ni mwanamke. Kumbe ni nyumba nzima."

Mkwe kasema kutoka jikoni, "Shangazi, baba hajafanya kitu," na dada kamwambia, "Mmeona? Wanateteana."

Mwanangu kasema, "Shangazi, maji." Dada kachukua jagi zima, kamshikia. Alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Yalimwagika kifuani. Mkwe aliangalia mpaka jagi likaisha, kisha katoka nje kwenye mvua hata bila kanga kichwani.

Nilibaki na mishumaa miwili mezani inawaka. Mzuri umesimama, mbaya umelala.

Machi 31
Wamempeleka kwa dada. Mtoto wa jirani mwenye cherehani kaja na mkokoteni wa injini, wakautandika godoro na kuufunika turubai.

Nilimzuia. Nilisimama mlangoni nikamwambia mwanangu, hii ni nyumba yako, huendi popote. Dada alikuwa nje anafunga mizigo. Mwanangu kakaa ukingoni mwa kitanda anavuta pumzi, mke wake kapiga magoti anamvalisha soksi kwenye ile miguu.

"Baba," kasema. "Mimi sijali moshi ulikwenda wapi. Nina kiu."

"Unajua maji yatakufanya nini."

"Najua kuliko wewe. Mashine haipo, baba. Mnihesabie vikombe mpaka lini?" Kapumzika kwanza ndipo kaendelea. "Kule nitakunywa."

Nikatoka mlangoni.

Kamwambia mke wake, "Bi Kipimo. Usinione vibaya."

Mkwe kasema, "Nyanyua mguu." Soksi ilikuwa haipiti kisigino. Kaivuta pole pole mpaka ikapita.

Aprili 1
Kazini. Nimemwaga nta mguuni, si nyingi.

Aprili 2
Nimekwenda kwa dada. Mkwe nilimwacha njia panda, asingeruhusiwa. Kanipa kile kikombe cha bluu, kaninong'oneza, "Mwambie tu shangazi aone mstari, nimechora mstari kwa msumari." Dada kakichukua, kakitazama, kakirudisha kwangu.

Mwanangu amekaa, hawezi kulala chini, akilala anakabwa. Anapumua kama aliyekimbia. Kando yake ndoo yenye kifuniko na kata. Pale juu ya kabati mshumaa wa Mama Moshi, umechimba shimo katikati, umejizamisha. Mtu hakuuacha uyeyuke mpaka ukingoni. Nilitaka kuurekebisha. Niliacha.

"Baba," kasema, "nimekunywa mpaka nimeshiba." Alikuwa anatabasamu. Maneno yanatoka mawili mawili. "Maji ya hapa. Baridi."

Nikakaa naye. Tukaongea mageti. Kaniambia lile geti la shule alilochomelea, ukitazama kona ya chini kuna herufi ya jina la mke wake. Hakuna anayejua. Kasema nikipita niipake rangi isishike kutu.

Aprili 4
Mvua kubwa, barabara imekatika. Sikufika.

Aprili 5
Sikufika.

Aprili 6
Kafa alfajiri. Povu mdomoni. Dada ndiye alikuwa naye, kamshika.

Aprili 7
Tumemzika kwenye matope. Kaburi lilikuwa linajaa maji, tulichota kwa ndoo kabla ya kumshusha. Bado alishuka kwenye maji.

Mkwe walimsimamisha nyuma. Mimi nilisimama naye. Kwa hiyo tulikuwa nyuma wawili.

Aprili 9
Nimempelekea nesi karatasi hizi nikidhani anazitaka. Kasema hapana, babu, kaa nazo. Nikamuuliza, kikombe kingemsaidia? Kasema kingempa siku. Nikamuuliza ngapi. Kasema, siku. Mashine bado, kipuri bado.

Aprili 11
Dada kaja kuchukua sufuria yake. Hakuingia, kasimama barazani. Amezeeka wiki hii. Nikamwambia, umemzamisha mwanangu. Nilikuwa nimelipanga hilo neno tangu siku ya kaburi.

Hakupandisha sauti. Kasema, "Kafa ameshiba. Kwako angekufa na kiu."

Nimelitafutia jibu tangu asubuhi. Nimemimina kalibu mia nikilitafuta.

Aprili 12
Mama Moshi kaja karakana. Kibiriti kamrukia, kamwita maneno yote anayoyajua na mengine kayatunga. Mama Moshi kasikiliza mpaka kamaliza. Kaniambia pole ya mwanangu, na alikuwa analia kweli. Kisha kauliza kama boksi lina makengeza. Kibiriti kasema hakuna. Lilikuwa limejaa. Bosi kasikia, kampakilia mwenyewe kikapuni.

Aprili 14
Mkwe kasema anaondoka, anarudi kwa mama yake. Watu mtaani wanavuka upande wa pili wakimwona na ndoo. Mwenye duka kamwekea chenji mezani badala ya mkononi.

Nilimwambia akae, nyumba yake hii. Kasema, "Baba, tukikaa wawili watasema tunapika nini."

Aprili 15
Kaondoka. Mvua ilikuwa imeacha kidogo. Nilimfungia mishumaa kumi na mbili kwenye gazeti, mizuri, niliichagua mmoja mmoja. Nikamwambia ailaze, asiisimamishe, na iwe mbali na jua. Akate utambi. Asikae kwenye njia ya upepo.

Kaifungua, kaitazama.

"Ya makengeza huna, baba?"

"Ya nini?"

Kaangalia chini. "Nataka kuwasha mmoja. Nikiwa peke yangu." Kasema, "Na kama ni kweli? Kama ni mimi, na mwenyewe sijui?"

Nikamwambia ni mlango, mwanangu. Ni utambi. Niliumimina mimi. Nilisema kwa sauti, si kama siku ile mbele ya dada. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyomkubalia mzee ili aondoke.

"Hii haisemi kitu," kasema, anaifunga.

"Ndiyo. Haisemi."

Kikombe cha bluu kakiacha. Kabati halina tena ufunguo.

Aprili 20
Kazini. Mvua.

Aprili 21
Kazini.

Aprili 26
Nilipita kwenye geti la shule. Herufi iko kweli, kona ya chini, kubwa kama ukucha. Kutu imeanza. Sikuwa na rangi.

Mei 2
Mvua zinakaribia kuisha, bosi kanuna. Kibiriti kaachishwa, oda zimepungua. Kaniaga kwa matusi, ndiyo namna yake. Sasa nakaza tambi mwenyewe na kumimina mwenyewe. Mikono miwili haitoshi, mingi inatoka pembeni.

Mei 4
Umeme umekatika. Nimeleta mmoja wa makengeza nyumbani, ndio niliopewa. Nimeukata utambi. Nimefunga mlango, nimeziba dirisha kwa gunia, nimesukumia matambara chini ya mlango. Nikakaa kula.

Moshi umeinama, umekuja kwangu.

Sikuhama. Kile kiti kingine, alichokalia mkwe siku ile, hakina mtu.